Unga wa Mbao Ndani ya Difu

Magari mimi niliyajua kwa chini. Nilipomaliza darasa la nane nilipata kazi katika gereji moja ya uani kule Tononoka, na kwa miaka miwili muda wangu mwingi nilikuwa chali juu ya kipande cha kadibodi, nikipokea spana na kurudisha spana. Mwenye gari alipokuja, nilichokiona kwake ni viatu. Hilo lilinifaa, maana nilikuwa mtu wa haya na viatu havikutazami usoni. Rangi ya gari sikuishughulikia, wala namba yake. Lakini ukinilaza chini ya ekseli niliyowahi kuifungua, hata baada ya mwaka mzima, ningekuonyesha palipochomelewa na palipobonyea.

Nayasema haya mwanzo ili ieleweke kwa nini nililitambua gari la mjomba wangu kwa kuchelewa vile, na kwa nini nilipolitambua sikuweza kuinuka.

Mjomba, ndugu wa mama yangu, alikuwa mkaguzi wa samaki Liwatoni. Samaki walipopandishwa kutoka mashuani, yeye ndiye aliyewapitia kabla ya kupimwa. Alifunua mashavu ya kila mmoja kuona wekundu wake, akabonyeza tumbo kwa kidole gumba, akanusa, kisha akasema huyu apite, huyu arudi. Hakubishana na mtu. Wavuvi walikuwa wakisema kwamba mjomba anaweza kukwambia samaki alikufa akiwa amekasirika au la. Na tabia hiyo alikuja nayo nyumbani. Hakununua nazi bila kuitikisa sikioni, wala papai bila kuligeuza pande zote, hata wachuuzi wa Marikiti wakawa wanamtania kwamba siku moja atataka kuliona na ndani kabla ya kulipa.

Lakini gari hakulikagua. Gari lilikuwa la rafiki yake, mzee aliyestaafu bandarini, ambaye mimi nilimwita Ami kama watoto wote wa mtaa wetu wa Mji wa Kale. Tangu kabla sijazaliwa, hao wawili walikuwa wakinywa kahawa pamoja kwenye baraza ya Ami kila siku baada ya sala ya Alasiri. Ami alikuwa na shamba la minazi upande wa Msambweni, na kwa ajili ya shamba hilo aliweka gari kubwa, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, likiendeshwa na dereva. Dereva alipoacha kazi, na magoti ya Ami nayo yakawa hayataki tena kupanda na kushuka, akamwambia mjomba alichukue yeye. Wakakubaliana bei pale pale barazani, kabla vikombe havijapoa.

Mama alimwuliza mjomba kama amemwita fundi alitazame. Mjomba alimjibu kwamba mtu hamkagui rafiki yake. Kuleta fundi mbele ya mlango wa Ami, ainue boneti na kuingiza kichwa, ni sawa na kumwambia Ami kwa mdomo kwamba sikuamini. Mtaani kwetu hakuna ambaye asingemwelewa.

Mwezi wa pili baada ya hapo nyanya yangu, mama yao mjomba na mama, akasema anataka kwenda Vanga kumwona dada yake mgonjwa. Njia ya kutoka Lunga Lunga kuteremkia Vanga ilikuwa mchanga na tope, na kwa gari kama lile safari ingekuwa raha. Ikapangwa Jumamosi. Jumatano jioni mjomba, aliyekuwa amechukua ruhusa kazini ya siku ya Alhamisi, akaniita. Gereji niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa imeshafungwa wakati huo, fundi wangu amehama kurudi kwao bara, nami nilikuwa nikibeba magunia Marikiti. Mjomba akaniambia kwamba Ami hakumbuki oili za chini zilibadilishwa lini, yaani ya difu mbili na ya gia ndogo.

"Zibadilishe wewe," akasema. "Hapa hapa nyumbani. Nataka kuona ile miaka miwili uliipeleka wapi."

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo hakuna mtu wa kunipigia kelele juu yake. Usiku wake nilikuwa nimeirudia kichwani mara nyingi sana.

Asubuhi mjomba aliendesha gari hadi Makadara na kurudi, kama nilivyomwomba, ili oili ipate joto na iwe nyepesi kutoka. Akaliegesha nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na nyumba ya mawe iliyoanguka zamani na kubaki uwanja. Nilitafuta sehemu iliyo sawa, kwa sababu gari likiinama utajidanganya kipimo cha oili. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikatandika kadibodi, nikaingia chini na karai.

Kila sanduku la oili lina nati mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Jambo la kwanza nililofundishwa gereji, tena kwa kofi, ni kufungua ya juu kwanza. Ukimwaga oili yote kisha nati ya juu ikakataa kufunguka, umebaki na gari lisilo na oili na huna pa kuitilia. Basi nikaanza na difu ya mbele. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ambamo gia hupokea nguvu ya injini na kuipeleka magurudumuni. Nati ya juu ikafunguka, ya chini ikafunguka, oili ikashuka nyeusi na laini kama asali ya kupikwa. Nikaiacha idondoke mpaka tone la mwisho. Nikafunga chini, nikapitisha mpira kutoka juu, mjomba akashika faneli na kumimina oili mpya polepole mpaka ikaanza kudondoka kwenye tundu la juu, maana hapo ndipo imejaa. Nikafunga.

Tukaenda kwenye gia ndogo, lile sanduku la katikati linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nayo ikaenda vizuri. Mjomba, ambaye hajawahi kunisifu, aliniambia kwamba nina mikono mitulivu. Kisha akaingia ndani kufuata chai, na mimi nikasogeza kadibodi hadi nyuma.

Nati ya juu ya difu ya nyuma ilikuwa na tone la rangi nyekundu.

Nilikaa nikiitazama. Haikuwa kutu wala tope, ilikuwa rangi ya mafuta iliyopakwa kwa kijiti. Nikaisafisha kwa kitambaa na kuona uzi wa katani umechungulia pembeni ya nati, umezungushwa ili oili isivuje. Fundi wangu ndiye aliyekuwa akifanya hivyo. Alizungusha uzi, akakaza, kisha akasema paka, na kazi ya kupaka ilikuwa yangu. Lakini nikajiambia kwamba mafundi wa Mombasa ni wengi na uzi wa katani unauzwa kila duka.

Nikaifungua kwa spana na kipande cha bomba. Nikatia kidole, kama inavyopasa, kuona oili imefika wapi. Kidole kilikutana na kitu kizito, kisicho oili, kikarudi kimepakaa kama nimekitia katika bokoboko la ngano. Sikuelewa. Nikaweka karai na kufungua nati ya chini.

Hakikutoka kitu. Tundu lilikuwa wazi juu ya uso wangu, na hata tone halikudondoka. Nati yenyewe ilikuwa imeota manyoya ya chuma, vumbi la gia zinazosagana, lililonasa kwenye sumaku yake. Nikachukua waya na kuchokoa. Ndipo likaanguka bonge moja, halafu jingine, meusi, yakitua karaini kwa sauti ya kinyesi cha ng'ombe. Nililitia bonge dogo kiganjani, nikalimiminia mafuta ya taa na kulisugua kwa kidole gumba. Oili ikaondoka. Kilichobaki kiganjani mwangu kilikuwa unga wa mbao.

Nilipandisha macho. Juu ya kifuniko cha difu palikuwa na mshono wa kuchomelea, mfupi, uliopinda mwishoni kama ndoana. Mshono ule nilikuwa nimeutazama mchana kutwa, siku moja, mwaka mmoja na zaidi uliopita.

Watu waliokuwa wakifanya kazi gereji wanaujua mchezo huu, ingawa hawausemi. Gia za difu zikilika, gari hulia likienda mbio, mlio mrefu wa kukera. Dawa yake ni kuweka gia mpya. Lakini fundi asiyetaka taabu hiyo huchekecha unga wa mbao, akauchanganya na oili nzito na kuushindilia ndani. Unga hujaa katikati ya meno ya gia na mlio hunyamaza. Hunyamaza kwa miezi, pengine mwaka. Wakati huo oili haizunguki, gia zinajila zenyewe kimya kimya, mpaka siku zinapokamatana na magurudumu ya nyuma yakaganda gari likiwa mbioni.

Unga ule niliuleta mimi. Fundi alinituma kwa wachonga milango wa mtaani kwetu, kwa kuwa mimi ndiye wa Mji wa Kale na wananijua. Nilijaza nusu gunia nikaupeleka Tononoka kichwani, na nilidhani ni wa kumwaga sakafuni unyonye oili, kama tulivyofanya kila siku. Lakini nilimwona fundi akiuchekecha kwa chujio cha chai, na sakafu haihitaji unga uliochekechwa. Nilimwona akienda kwenye pipa la vyuma chakavu, akachagua gia kuukuu iliyovunjika meno, akaipaka oili. Dereva alipofika kuchukua gari, alimwonyesha gia ile na kumwambia hii ndiyo iliyokuwa ikilia, nimekutilia nyingine. Mimi nilikuwa chini ya gari, na kijiti cha rangi nyekundu mkononi. Niliona viatu vya dereva, makubadhi ya ngozi, yakigeuka na kuondoka na ile gia.

Sikuuliza. Nilipaka rangi nikatoka.

Sijui nililala pale muda gani. Nilikuwa nahesabu kitu kimoja tu: Jumamosi nyanya angeketi kiti cha mbele, na barabara ya kuteremkia Vanga. Halafu likanijia wazo ambalo mpaka leo linanishtua kuliko unga wenyewe. Mabonge yalikuwa karaini. Ningeweza kuyarudisha. Gari lingekuwa kimya kama lilivyokuja, mjomba angebaki na rafiki yake, na mimi ningebaki na mikono mitulivu. Nilishika bonge moja. Naandika hili kwa sababu ni kweli nililishika.

Nikaona miguu ya mjomba inakuja, na birika mkononi.

Alichuchumaa. Aliangalia karai kama anavyoangalia samaki, hakugusa kwanza. Kisha akatia kidole, akanusa.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia ni unga wa mbao.

"Unga wa mbao wafanya nini ndani ya gari?"

"Wanyamazisha, Mjomba. Gia ikiwa imekwisha, isisikike."

Akafikiri. Nilimwona akifika pale nilipojua atafika. Aliniuliza kama kitu hiki chaweza kuingia chenyewe. Nikasema hakiwezi, lazima kitiwe na mtu.

"Kwa hivyo kabla sijalichukua, mtu alikitia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa machache na yote nilikuwa nayo: nilimjua mtu huyo, nilimletea gunia, na Ami hakujua lolote. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Ndiyo, Mjomba."

Aliweka birika chini, akafunika karai kwa gazeti, kwa upole, kama anafunika chakula. Akaniambia nimalize.

Nikamaliza. Niliosha difu kwa mafuta ya taa mara tatu, nikitoa unga kwa waya na kitambaa, mpaka kilichotoka kikawa safi. Nikatia oili mpya peke yangu, faneli nimeifunga kwa kamba kwenye bampa. Kila nilipoinua chupa nilijiambia nikifunga nati hii nitakwenda ndani kumwambia. Nikafunga nati. Nikapanga spana kwa ukubwa. Nikaosha mikono. Mjomba akatoka na funguo, akaniambia nipande.

Tulizunguka barabara ya Ndia Kuu kwa mwendo wa kawaida, na hapo bado palikuwa kimya. Tulipotoka mjini na kushika barabara pana ya kuelekea Mbaraki, mjomba akakanyaga. Gari likaanza kulia. Lilianza chini, kama mtu anayeimba na mdomo umefumbwa, likapanda na mwendo mpaka mlio ukafanana na wa msumeno wa mashine. Mjomba alipoachia mafuta lilishuka, alipokanyaga likapanda. Alifanya hivyo mara nne au tano, akisikiliza. Mwanamke aliyekuwa akivuka barabara aligeuka kututazama. Nilibana magoti. Tukarudi nyumbani.

Baada ya Alasiri aliniita, akasema nichukue karai.

Kutoka kwetu mpaka kwa Ami ni vichochoro viwili. Nilimfuata nyuma, nimelishika karai kwa mikono yote miwili, gazeti juu yake. Nilikuwa na vichochoro viwili vya kusema na nikavimaliza vyote nikitazama visigino vya mjomba.

Ami alikuwa peke yake barazani, mguu mmoja ameunyoosha juu ya mto kwa ajili ya goti, dele la kahawa pembeni na vikombe viwili. Alimsalimu mjomba kama siku zote, akamwuliza hali, akamwuliza nyanya, akamwuliza kama gari liko tayari kwa Vanga. Mjomba alijibu kila salamu ipasavyo, moja baada ya moja. Lakini hakuketi. Akanionyesha kwa kidole niweke karai miguuni pa Ami, akainama mwenyewe akaondoa gazeti.

"Ulisahau kitu chako ndani ya gari," akasema. "Nimekurudishia amana yako."

Ami alitazama karai, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Aliuliza ni nini hiki. Mjomba akamweleza kwa maneno yale yale niliyompa asubuhi, unga, gia, kunyamazisha. Hakupandisha sauti. Kisha akasema neno ambalo nilijua, wakati linatoka, kwamba haliwezi kurudi.

"Miaka yote hii nanywa kahawa na mtu nisiyemjua."

Mkono wa Ami ulikuwa umeshika dele na ukabaki umelishika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na mtoto wake mwenyewe, anatafuta kama ni kweli amepigwa. Mjomba akageuka kuondoka.

"Si yeye, Mjomba."

Nilisikia sauti kabla sijajua ni yangu. Mjomba akasimama.

"Si yeye. Ni sisi."

"Sisi ni nani?"

"Mimi na fundi wangu."

Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, nikilitazama karai. Gunia, chujio cha chai, pipa la vyuma, makubadhi ya dereva, kijiti cha rangi. Nadhani sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja maishani mwangu. Nilipofika kwenye ile gia aliyopewa dereva, Ami akainua mkono nisimame kidogo.

"Ile gia iko ndani kwangu," akasema. "Naizuilia mlango wa ghala. Niliionyesha watu, nikasema tazameni iliyokuwa ikilia. Ilikuwa ya gari gani?"

"Sijui, Ami. Ilitoka kwenye pipa."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Sikuuliza."

Ami akamgeukia mjomba, na kwa sauti ya mtu aliyechoka akamwambia kwamba kila siku anawafunua samaki mashavu, samaki wa watu asiowajua, lakini gari lake hakulifungua hata boneti.

"Lako ningelikaguaje?" mjomba akasema.

"Ungelikagua tusingefika hapa."

"Ningelikagua ungechukia."

"Ningechukia siku moja," Ami akasema.

Mjomba hakuketi siku ile. Kahawa ya kikombe cha pili ilibaki ndani ya dele. Tulipokuwa tukirudi kichochoroni alisimama bila kugeuka, akaniambia, "Asubuhi nilikuuliza. Ungesema asubuhi, nisingefika kwenye mlango ule." Hakunigombeza kwa ajili ya gunia, wala kwa ajili ya rangi. Kwa siku tatu baadaye hakuzungumza nami ila kwa yale yasiyoepukika, na nyumba nzima ilijua sababu. Kilichonishangaza ni kwamba hata mama, ambaye hunitetea kwa kila kitu, safari hii alikaa upande wa ndugu yake.

Nyanya alikwenda Vanga kwa basi, nami nilimpeleka kwa kuwa mjomba aliona hapo ndipo pangu. Njia nzima alishika mfuko wake wa mahamri magotini na kuniuliza gari linaumwa nini. Nilimwambia. Aliniuliza kama lingewaua yeye na mjomba. Nikasema pengine. Tulipofika Lunga Lunga akanipa hamri moja.

Gia halisi ilipatikana baada ya wiki tatu. Fundi mzee mmoja wa mtaani alikubali tuitie pale pale uwanjani, yeye akielekeza na mimi nikifanya. Tulichukua siku mbili, na siku zote mbili Ami alikuja na kigoda chake, akaketi karibu na gurudumu la nyuma na goti lake amelinyoosha. Alisema safari hii anataka kuiona kwa macho yake ikiingia. Nilipotoa gia mbovu alidai aishike, akapitisha kidole juu ya kila jino na kuhesabu yaliyokwisha. Nilipotaka kufunga kifuniko alinisimamisha na kumwita mjomba kutoka ndani.

"Njoo uangalie," akamwambia. "Mimi si rafiki wa kutegemewa."

Mjomba alitoka, akainama, akaangalia. Fundi mzee alicheka. Mjomba hakucheka, lakini jioni ile alikwenda barazani kunywa kahawa, na alikwenda siku iliyofuata na zote zilizofuata. Kwa mtu wa nje ingeonekana hakuna kilichobadilika.

Kilichobadilika ni kitu kimoja. Tangu siku ile Ami hakumpa mjomba chochote bila kusema akikague kwanza. Akimpa kikombe cha kahawa, humwambia kikague. Akimpa gazeti alilokwisha kulisoma, humwambia hesabu kurasa. Alisema kwa mzaha, watu barazani wakacheka, na mjomba naye alijifunza kucheka. Miezi ikapita, mwaka ukapita, na mzaha haukuchoka. Mimi niliposikia nilitafuta pa kutazama.

Siku moja mkwe wa Ami alimletea samaki kutoka Shimoni. Ami aliniita nikipita, akanipa kolekole mkubwa ndani ya kikapu cha makuti.

"Mpelekee mjombako," akasema. "Mwambie amkague kwanza."

Nilimkuta mjomba uani anavua viatu vya kazini. Niliweka kikapu mbele yake, nikasema kimetoka kwa Ami. Yale ya kumkagua sikuyasema. Mjomba alimtazama samaki, akafurahi, na mkono wake ukaenda wenyewe, kama unavyokwenda kila siku kwa mamia ya samaki, kidole gumba kikaingia chini ya shavu na kulinyanyua kidogo tu.

Akagundua anachokifanya. Akaliachia shavu lirudi, akaurudisha mkono wake na kuupangusa kwenye kikoi, ingawa haukuwa umelowa.

"Mpeleke jikoni," akaniambia.